Mlimani lami ilitoka wapi? Moto wa Kilimanjaro wa 2020, simu ya bodaboda na gazeti langu

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020, giza lilipoingia, watu wa Moshi walisimama nje ya nyumba zao wakitazama mlima. Jioni ndiyo saa ambayo Kibo, kile kilele kikuu, hufunguka: mawingu yanakaa pembeni, theluji inang'aa kidogo, mtu anasema "leo mlima uko wazi" halafu anarudi kwenye shughuli zake. Siku ile hakuna aliyerudi upesi. Upande wa kulia, chini ya kilele cha Mawenzi, palikuwa na mstari mwekundu uliojikunja kama koili ya hita.

Mimi nilikuwa nyumbani Pasua, na mlima sikuutazama kwanza. Nilitazama simu. Kijana mmoja wa bodaboda anayepaki Kiboriloni alikuwa amerusha picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu saa moja na robo usiku. Haikuwa picha ya kushinda tuzo: nusu ya chini giza tupu, nyaya za umeme zinakatiza katikati, na ule mstari mwekundu umevimba na kuingia ukungu kwa sababu aliivuta hadi mwisho. Chini ameandika, "Mlima unaungua jamani." Ndipo nikafungua mlango nikatoka kuthibitisha kwa macho yangu.

Wakati huo nilikuwa naandikia gazeti moja la Kiswahili kama mwandishi wa kujitegemea. Kwa asiyeijua kazi hiyo: unalipwa kwa stori iliyotoka, isiyotoka ni hasara yako, bando ni lako, na nauli ya kwenda kuitafuta ni yako. Nilimpigia mhariri wa zamu Dar es Salaam. Akaniuliza swali moja, la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

"TANAPA wamesemaje?"

"Bado."

"Basi hatuna stori. Tafuta tamko, tutaitoa Jumanne."

Kurasa za Jumatatu zilikuwa zinafungwa, kwa hiyo simlaumu sana. Lakini mji mzima ulikuwa nje unatazama mlima unaungua, na kwa hesabu za chumba cha habari hakukuwa na stori.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu mjadala wa uandishi wa kiraia, yaani mwananchi wa kawaida kutoa habari mwenyewe, huku kwetu huendeshwa kama mechi ya Simba na Yanga. Kuna wakongwe wetu, ambao kila aliyeshika simu akaandika jambo bila kupita chuoni kwao ni kanjanja. Kuna na vijana wanaosema magazeti kazi iliyobaki ni kufungia maandazi. Ndani ya wiki mbili za Oktoba ile nilichezea timu zote mbili, na kote nilifungisha.

Video ya saa tatu usiku

Saa tatu iliingia video kwenye kundi. Sekunde thelathini hivi: miti mirefu kama nguzo inawaka, cheche zinaruka barabara, gari la zimamoto limesimama taa zake zikizunguka, mtu anapiga kelele lakini upepo umemeza maneno. Maelezo yake: "Marangu sasa hivi." Juu ilikuwa na ile mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliopita mikono mingi. Tangu Aprili mwaka ule ujumbe wa namna hiyo ulikuwa hauwezi kutumwa kwa zaidi ya sehemu moja kwa mkupuo. Kabla ya hapo, 2019, waliweka ukomo wa sehemu tano. Ukomo huo haumsumbui mtu mwenye hofu na muda.

Mama mmoja mwenye duka jirani na kwangu akaandika kwa herufi kubwa kwamba mama yake mzazi yuko Marangu Mtoni peke yake na simu haipokelewi. Watu wakaanza kumshauri apande gari usiku ule ule. Kundi lilikuwa na watu 256, yaani limejaa pomoni kwa ukomo wa wakati ule, na mwanahabari humo nilikuwa peke yangu. Sikuandika kitu. Nilikuwa nasubiri tamko.

Aliyejibu ni mgumu. Kwenye matangazo ya utalii huitwa wapagazi. Huku kwetu wanaobeba mizigo ya wageni mlimani tunawaita wagumu. Huyu amepanda njia ya Marangu kwa zaidi ya miaka kumi. Alituma ujumbe wa sauti, akiongea taratibu kama mtu anayehesabu hatua zake: "Mama, tulia kwanza. Angalieni hiyo barabara. Ina lami, ina mstari wa njano katikati. Mlimani lami ilitoka wapi? Na moto uko juu huko Whona. Miti mirefu namna hiyo Whona hakuna, ni vichaka na majani makavu. Marangu Mtoni ni chini kabisa. Bibi atakuwa amelala."

Basi. Sekunde arobaini. Lami, rangi ya mstari, kimo cha miti, umbali wa kijiji. Nimekaa kwenye semina za uhakiki wa picha ambako mkufunzi alitumia siku mbili, na posho juu, kutufikisha alipofika yule bwana akiwa amelala kitandani kwake. Bibi alipatikana asubuhi. Kweli alikuwa amelala.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo wapenzi wa uandishi wa kiraia huwa wanapita haraka. Kesho yake niliikuta ile video kwenye makundi mengine matatu: la kwaya, la vikoba na la niliosoma nao. Sauti ya mgumu sikuikuta hata moja. Aliyekosea alisafiri na mishale yake miwili, aliyesahihisha alibaki mtaani. Kwenye kundi lenyewe, ukiingia asubuhi na kupandisha ujumbe uliopita, unakutana na video kwanza na sauti baadaye, kama una subira ya kufika.

Tamko

Tamko la TANAPA lilipotoka, lilitaja mahali: eneo la Whona, kituo cha kupumzikia wageni wanaotumia njia ya kambi za Mandara na Horombo. Picha ya bodaboda ilikuwa imetuambia nini, lini na imeonekana kutokea wapi. Haikuweza kutuambia moto uko wapi hasa, kwa sababu kutoka Kiboriloni mlima mzima ni ukuta mmoja wa bluu.

Siku zilizofuata ndipo vyombo vya habari vilipofanya kazi ambayo makundi yetu hayakuweza. Vilieleza nani yuko kule juu: askari wa hifadhi, zimamoto, wanavijiji, wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Vilionyesha wanazima kwa mapanga na matawi. Vilieleza upepo na ukame vinavyowarudisha nyuma. Na vilileta hesabu. Aliyekuwa Kamishna wa Uhifadhi wa TANAPA, Allan Kijazi, alitaja kilomita za mraba 28 zilizoathirika. Baadaye, mambo yalipotulia, hesabu iliyotolewa ilikuwa kilomita za mraba 95.5. Mara tatu na zaidi. Hadi leo ukimuuliza mtu wa mtaani kwetu atakutajia 28, kama anakumbuka namba yoyote, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyoingia kwenye simu wakati watu bado wana hamu. Aliyeandika 95.5 ni yule ambaye kazi yake ilikuwa kurudi kuuliza tena wakati moto haukuwa tena habari.

Kuna na suala la nani anapokelewa simu. Nikipiga kwenye taasisi na kutaja jina la gazeti, naunganishwa. Kijana wa bodaboda angeambiwa apige kesho. Huo mlango wa kuingilia ndio mtaji mkubwa wa uandishi wetu wa kawaida, na ndio pia unaotupofusha, maana anayefunguliwa mlango na mtu mmoja kila siku huanza kuamini nyumba ina mtu mmoja.

Wala si kwamba wananchi walianza kuleta habari juzi na simu za kugusa. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza 1923, lilikuwa likipokea habari kutoka miji mbalimbali zikiletwa na wasomaji wenyewe. Hapa Moshi miaka ya 1950 tulikuwa na Komkya, gazeti la Wachaga, nalo barua za wasomaji zilikuwa uwanja wa kupigana kwa hoja hasa. Tofauti ni kwamba barua ilipita mezani kwa mtu kabla ya kuchapwa. London iliposhambuliwa kwa mabomu Julai 2005, picha za abiria waliokuwa ndani ya treni zilitufikia kupitia BBC, yaani bado kulikuwa na meza. Kenya, Januari 2008, kina Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi: mwananchi anatuma ujumbe mfupi, tukio linawekwa kwenye ramani, na linaonyeshwa kama limethibitishwa au bado. Jina la Kiswahili, na wazo la maana. Kundi letu la mtaa lilikuwa na mashahidi tele. Lilikosa meza.

Kichwa cha habari

Nije kwenye aibu yangu.

TANAPA ilisema kwamba, kwa taarifa za awali, moto ulianza wakati mpagazi akipasha chakula cha wageni. Nikaandika sentensi hiyo hivyo hivyo, na "taarifa za awali zinaonyesha" yake. Kichwa nilichopendekeza: "Moto Kilimanjaro: TANAPA yataja chanzo cha awali." Kimepooza, nakubali. Jumanne gazeti likatoka na: "Wapagazi wachoma Mlima Kilimanjaro."

Kihesabu kichwa hicho. Mpagazi mmoja amekuwa wapagazi. Kupasha chakula kumekuwa kuchoma. Taarifa za awali hazipo. Maneno manne, makosa matatu, na chini yake jina langu kwa herufi nzito.

Saa nne asubuhi simu ikaita. Mgumu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Hilo gazeti lenu limefika huku getini. Limeandika sisi tumechoma mlima. Ni wewe?"

"Ni mimi, ila kichwa sikuweka mimi."

"Jina ni lako. Uliongea na nani?"

"Na TANAPA."

"Na mgumu yupi?"

Nilinyamaza. Namba yake nilikuwa nayo tangu Jumapili. Ndiye aliyetuliza mtaa wangu usiku ule, ndiye niliyemsifia kwa mke wangu, na haikunijia hata kidogo kwamba yeye ni chanzo. Kichwani mwangu chanzo ni mtu mwenye cheo na barua yenye nembo juu.

Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile nina tofauti gani na yule aliyerusha video ya lami. Yeye alipokea kitu kimoja kutoka upande mmoja akakipitisha. Mimi nilipokea kitu kimoja kutoka upande mmoja nikakipitisha, cha kwangu kikiwa na muhuri. Kilikuwa cha kweli zaidi, sikatai, na waliokitoa walisema wazi kwamba ni cha awali. Lakini hatua niliyopaswa kuiongeza mimi, ile simu ya pili, sikuipiga. Siku mbili nilikuwa na simu mkononi na nilichofanya ni kusubiri iite.

Hapa nitofautishe jambo. Gazeti lilitoa masahihisho. Wiki iliyofuata, ukurasa wa ndani, mistari minne kwenye kona, "Tunaomba radhi." Padogo, ungeweza kupafunika kwa kisoda. Hata hivyo papo: mwenye nakala zilizohifadhiwa atazikuta habari na radhi yake kwenye jalada moja. Na mgumu angetaka, angeweza kulalamika Baraza la Habari Tanzania, ambalo lipo tangu 1995 kwa mambo ya namna hiyo. Nilimwambia. Akauliza nauli ya kwenda Dar atapewa na nani.

Zamu yangu ya kuwa mwananchi

Tarehe 14, siku ya Nyerere, nilipanda daladala hadi Marangu nikakaa na wagumu watano karibu na geti. Niliandika jinsi chakula cha mchana kinavyoandaliwa njiani, kwamba kuni ni marufuku na wanabeba mitungi ya gesi, jinsi upepo wa Oktoba unavyokausha majani hadi yanalia ukiyakanyaga. Hakuna aliyekana kwamba moto unaweza kuanzia jikoni. Mmoja alisema, "Kama ni mwenzetu, basi ni mmoja, atajwe mmoja." Walichoogopa ni tipu: mgeni akisoma kwamba wabeba mizigo wameunguza mlima, mkono wake utakuwa mzito mwisho wa safari.

Niliona ni stori nzuri kuliko ya kwanza. Mhariri naye aliiona nzuri. Lakini uchaguzi ulikuwa tarehe 28, kurasa zimejaa kampeni, na moto ulishatoka ukurasa wa mbele. "Imekosa nafasi, kaka. Labda wiki ijayo." Kila anayeandika kwa kujitegemea anajua wiki ijayo ni jina la kaburi.

Nikairusha Facebook mwenyewe, Jumamosi usiku, maneno 900 na picha mbili. Ilisomwa na watu wengi kuliko chochote nilichowahi kuandika gazetini, na hakuna aliyekata "taarifa za awali" zangu. Niliionja ile raha. Kwa saa kumi hivi niliamini kwamba wahariri ni watu wa kuchelewesha tu.

Asubuhi, mgumu.

"Mdogo wangu, umeandika vizuri. Ila Whona umeiweka juu ya Horombo. Whona unaifikia kabla ya Horombo, ukitoka Mandara."

Kosa la kijinga, ambalo dawati lolote lenye ramani ukutani lingelinasa kabla chai haijapoa. Nikalirekebisha palepale. Lakini maandishi yangu yalishanakiliwa na kuhamia WhatsApp, bila jina langu, Whona ikiwa bado juu ya Horombo, na mwishoni mtu ameongeza kwa mkono wake: "Sambaza kwa wengine." Nilikuwa nimetengeneza video yangu ya lami.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kijana wa bodaboda anafanyia kazi wapi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtambua mwandishi kwa ithibati. Yeye hana, kwa hiyo hana mlango, hana dawati, hana mwanasheria wa kampuni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, haimuulizi ithibati: kuchapisha taarifa za uongo ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Lazima ithibitike alijua ni za uongo, na kosa langu la Whona lisingefika huko. Ila jaribu kumweleza hivyo mtu anayelaza pikipiki ya mkataba na anadaiwa hesabu kila jioni. Siku hizi akiona jambo anatuma picha bila maneno. Nilimuuliza kwa nini. "Maneno ndiyo yanafunga, bro. Picha haijasema kitu." Yeye aliyeandika "Mlima unaungua jamani," maneno matatu ya kweli kuliko kichwa chetu cha habari.

Karanga, 2022

Agosti 2022 TTCL, shirika la simu la taifa, ilizindua intaneti ya kasi mlimani, Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Maana yake kwa kisa chetu ni nyepesi: mgumu ambaye mwaka 2020 alisubiri ateremke ndipo asimulie, sasa anaweza kurusha akiwa huko huko. Miezi miwili baadaye, Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba, moto mwingine ukawaka, safari hii upande wa Karanga, kambi inayotumiwa na wanaopandia Machame.

Usiku ule nilikuwa mjini, karibu na mnara wa saa, nimeacha gazeti lile na kuhamia redio. Simu ikaita.

"Mdogo wangu, nina picha. Nimetumiwa na kijana wangu aliye huko juu. Nikutumie wewe au nirushe kwenye kundi?"

"Kijana wako yuko wapi hasa? Karanga kwenyewe?"

"Yuko kambini."

"Anaona moto kwa macho au anaona mwanga?"

Kimya. Nikasikia akimuuliza mtu mwingine kwa simu ya pili, Kichaga cha haraka haraka, halafu akarudi.

"Anaona moto. Anasema upo ng'ambo ya kambi, kambi yenyewe haijaguswa."

"Nitumie. Halafu usikate, na huyo kijana naye asikate. Nina maswali, na TANAPA nawapigia kwa laini nyingine."